Mjadala: Movses Khorenatsi aliandika karne ya 5 au ya 8? Na je, ni haki kumwita mghushi?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Waarmenia humwita Movses Khorenatsi baba wa historia yao. Sanamu yake iko nje ya Matenadaran, hifadhi ya miswada ya kale jijini Yerevan. Kitabu chake, Historia ya Waarmenia, kinaanza na Hayk, mzao wa Yafethi aliyemuua jitu Bel kwa mshale, na kinaishia karibu na mwaka 440, alipofariki Mesrop Mashtots, mbunifu wa alfabeti ya Kiarmenia. Mwandishi anajitambulisha kuwa mwanafunzi wa Mashtots, aliyepelekwa Alexandria kusoma, na kwamba kazi hii aliagizwa na Sahak Bagratuni. Huyo Sahak aliuawa miaka ya 480 katika uasi dhidi ya Waajemi.

Kwa maelezo yake mwenyewe, basi, ni mtu wa karne ya 5. Lakini kitabu kinamuumbua. Anataja Armenia ya Kwanza hadi ya Nne, na majimbo hayo manne yaliwekwa na Kaisari Justinian mwaka 536. Miaka ya 1890 Mfaransa Auguste Carrière alionyesha vifungu vinavyofuata tafsiri ya Kiarmenia ya Maisha ya Silvester (wasifu wa Papa Silvester wa Roma), tafsiri ya mwishoni mwa karne ya 7. Tena Ghazar Parpetsi, aliyeandika karibu na mwaka 500, anawataja waliomtangulia katika historia: Agathangelos, kisha Faustus, kisha yeye. Khorenatsi hayumo.

Na kuna ukoo wa Bagratuni. Khorenatsi anawapamba kila anapopata nafasi, na wapinzani wao Mamikonian anawapitia juujuu, wakati karne ya 5 hao Mamikonian ndio waliokuwa majemadari wa nchi. Bagratuni walishika usukani karne ya 8. Mimi naona mwandishi ni wa wakati huo, akavaa joho la mwanafunzi wa Mashtots ili asikilizwe.

Jabali la Kusini

Mkuu, umekimbia mno. Miswada ilinakiliwa kwa mkono karne kwa karne. Mnakili akiona jina la jimbo limepitwa na wakati analisahihisha, basi. Neno moja la mwaka 536 halikupi kitabu kizima cha karne ya 8. Kuhusu Silvester, vifungu viwili vikifanana, nani kakuambia aliyeiga ni Khorenatsi? Watetezi wake walishasema huenda mfasiri ndiye aliyechota kwake.

Halafu huyo huyo Ghazar, katika barua yake kwa Vahan Mamikonian, anamtaja Movses mwanafalsafa aliyesumbuliwa na viongozi wa dini. Hilo umeliruka.

Mleta mada

Sijaliruka. Movses ni Musa tu, jina la watu wengi. Na barua haisemi kwamba aliandika historia.

Msoma Mawe

Ninyi wawili mnabishana juu ya karatasi, mimi nitawapeleka kwenye mawe.

Khorenatsi anasimulia kwamba mfalme Artashes aliamuru mipaka ya vijiji iwekewe mawe ya pembe nne. Karne ya 20 mawe hayo yakaanza kufukuliwa upande wa Ziwa Sevan, yana maandishi ya Kiaramu na jina la Artashes. Huyo ni mfalme wa karne ya 2 kabla ya Kristo! Mtu anayetunga kichwani hapati jambo kama hilo kwa bahati.

Anaeleza pia mji wa Van, mfereji wake na maandishi yaliyochongwa mwambani, akisema ni kazi ya malkia Semiramis. Habari hiyo ndiyo iliyowafanya Wafaransa wamtume Friedrich Eduard Schulz huko mwaka 1827. Akayakuta maandishi ya kikabari, yale ya kale yenye alama za umbo la kabari, na kuyanakili, kabla ya kuuawa mwaka 1829. Mfereji upo kweli. Aliyeuchimba ni Menua, mfalme wa Urartu, dola ya kale ya eneo hilo, siyo Semiramis, lakini wenyeji waliendelea kuuita kwa jina la malkia.

Na Garni, ngome ya kale nchini Armenia. Anasema mfalme Trdat, yule aliyeingia Ukristo, alimjengea dada yake nyumba pale na kuacha maandishi ya Kigiriki. Mwaka 1945 jiwe la Kigiriki likapatikana palepale, lina jina la Trdat. Ila wengi wanalisoma kuwa la Trdat wa Kwanza, karne ya 1.

Mnauona mtindo wake? Kitu kipo, mwenye kitu kakosewa. Kwangu huyo ni msafiri mwenye macho, anayeuliza wenyeji na kuamini majibu yao. Robert Thomson, aliyemtafsiri kwa Kiingereza mwaka 1978, alimshutumu kama mghushi wa makusudi. Hapo alizidisha.

Mpita Njia

Mimi nilisikia Hayk alimuua Bel mwaka 2492 kabla ya Kristo. Huyo Khorenatsi alikuwa na kalenda?

Msoma Mawe

Usimtwishe hilo, ndugu. Mwaka huo ulikokotolewa na padri Ghevont Alishan karne ya 19.

Mleta mada

Msoma Mawe, mawe nayakubali. Lakini jiwe la mpakani lilionekana karne ya 8 sawasawa na ya 5, kwa hiyo halitupi tarehe. Na makusudi yapo: Abgar, mfalme wa mji wa Edessa huko Mesopotamia, anamgeuza mfalme wa Armenia! Habari za Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anazichukua na kuwapachika Waarmenia mahali wasipokuwepo. Hayo si majibu ya wenyeji.

Hata hivyo nisingetaka kitabu kitupwe. Wimbo wa kuzaliwa Vahagn, mungu wa kale wa Waarmenia, mbingu na nchi zikiwa na utungu na moshi ukitoka kwenye unyasi mwekundu baharini, tunao kwa sababu yeye aliusikia ukiimbwa na akauandika.

Jabali la Kusini

Swali moja, mkuu. Kama aliandika kuwafurahisha Bagratuni, mbona anasema babu yao alikuwa mateka Myahudi aliyeombwa kwa Nebukadreza? Tena anaonya tusiwaamini wanaosema ukoo huo watokana na Hayk. Mpambe gani anamnyima bwana wake babu wa taifa?

Mleta mada

Mpambe anayejua soko. Kwa watawala Wakristo, damu ya Israeli ilikuwa juu ya damu ya Hayk. Tazama tawi lao la Georgia, lilijitangaza uzao wa mfalme Daudi. Mimi mkono wa karne ya 8 nauona hapohapo. Leta lingine.