Barua ya jiji inasema sharti la kujenga kiwanda limeondolewa. Nikiuza kiwanja, niko salama?

Mrithi wa Alizeti

Wakuu salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijamwaga wino.

Mwaka 2009 marehemu mzee alichukua karibu kiinua mgongo chake chote akanunua kiwanja cha viwanda kutoka halmashauri ya jiji (jiji naomba nisilitaje). Mita za mraba 4,800, kwa milioni 9. Alitaka kukamua alizeti. Hati ni ya miaka 99, ndani yake kuna sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Mzee akamwaga msingi, akajenga kibanda cha mlinzi, akanunua na mashine. Umeme mkubwa haukufika, barabara ilikuwa inageuka mfereji kila masika, na pesa nayo ikakata. Leo nondo za msingi ukizishika kutu inabaki mkononi, mlinzi analima mahindi katikati ya kiwanja, na mashine iko nyumbani, mama anaanikia mlenda juu yake.

Mzee alifariki 2019. Mwezi uliopita imekuja barua ya jiji: Baraza la Madiwani limeridhia kuwaondolea sharti la kujenga kiwanda wote waliouziwa viwanja eneo lile, mradi tulipe malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Wiki haijaisha, akatokea mnunuzi wa kujenga godauni. Anatoa milioni 160, nusu taslimu sasa hivi, na anasema hiyo barua inatosha kabisa. Kaka yangu tayari anaangalia bei za Fuso. Mimi moyo unasita. Niuze?

Chapa Ng'ombe

Hilo ni dodo chini ya mwarobaini mkuu. Okota, usiulize mwarobaini umezaaje.

Bikoni

Mrithi, usimsikilize huyo hapo juu. Nimekaa idara za ardhi za halmashauri miaka 17, hili nalijua kwa kuungua vidole.

Masharti yako yako sehemu mbili, na watu wengi wanayachanganya. Kuna yale ya mauziano kati ya mzee na halmashauri, angalia barua ya toleo na makubaliano waliyosaini siku ile. Miaka ile baadhi ya halmashauri ziliandika kwamba usipojenga kiwanja kinarudi. Hilo ni lao, Baraza linaweza kulifuta.

Halafu kuna sharti lililoandikwa kwenye hati. Hilo si la diwani. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na anayesimamia hati kwa niaba yake ni Kamishna wa Ardhi, kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Anayeweza kufuta milki kwa kukiuka masharti ni Rais peke yake, baada ya Kamishna kutoa ilani ya siku 90. Sasa kama Baraza haliwezi kukunyang'anya, ujue pia haliwezi kukusamehe. Muhtasari wa kikao ni mapendekezo mazuri tu mpaka yafike kwa Kamishna, akubali, na marekebisho yasajiliwe kwa Msajili wa Hati. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukiwa na hati na hiyo barua, uulize swali moja: haya yamefika kwenu?

Mtaa wa Saba

Mimi nina swali lingine kabisa. Kwa nini msamehewe?

Milioni 9 kwa zaidi ya ekari moja ya viwanda haikuwa bei ya soko hata 2009. Mlipewa nafuu ili mjenge, vijana wapate ajira. Miaka yote hiyo mmelimia mahindi. Mimi na wenzangu wanne tunasaga sembe kwenye fremu ya kupanga, majirani wanatushtaki kila siku kwa kelele na vumbi. Tumeomba kiwanja cha viwanda mara tatu, jibu ni viwanja vimeisha. Vimeisha kumbe viko kwenye makabati ya watu! Leo sharti linaondolewa, bei inapanda, faida yako. Jiji limeuza kwa bei ya kiwanda, ninyi mnauza kwa bei ya godauni.

Mmesahau viwanda vilivyobinafsishwa miaka ya 1990? Watu walinunua kwa sharti la kuzalisha, wakang'oa mashine, wakafanya stoo. Awamu ya tano, ya Magufuli, ikaanza kuvirudisha serikalini. Akija kiongozi mwingine mwenye hasira kama zile, barua ya madiwani itakukinga wapi?

Mrithi wa Alizeti

Mtaa wa Saba, umenichoma, ila sina la kukubishia sana. Nachoweza kusema tu ni kwamba jiji nalo liliahidi barabara na umeme kwenye karatasi ileile. Aliyejenga jirani yetu aliendesha mashine kwa jenereta, akafunga ndani ya miezi minane.

Bikoni, jana nimepekua mafaili ya mzee. Kwenye bahasha ya risiti za dawa nimekuta ilani ya mwaka 2016, inamtaka ajieleze kwa nini hajaendeleza kiwanja. Sioni nakala ya majibu.

Bikoni

Hapo sasa. Tulikuwa tunaongea habari za barua, kumbe kuna ilani! Acha habari za kuuza kwanza. Nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi kwenye namba ya hati. Utajua kama milki bado ipo, kama imefutwa, kama kuna zuio au rehani. Ilani peke yake haifuti milki, watu wengi walipewa na faili likalala. Ila usichukue shilingi ya mtu kabla hujaona majibu ya upekuzi. Nusu ya 160 ni milioni 80. Ikigundulika milki ilishafutwa, hizo utazirudisha na Fuso imeshafika Tunduma.

Na uangalie kundi la matumizi kwenye hati, linaandikwa kwa herufi. Kama linaruhusu kiwanda tu, godauni itahitaji kibali cha kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kufutiwa muda wa kujenga ni kitu kimoja, kubadilishiwa unachojenga ni kingine.

Mama Mbao

Nyie wanaume mmeruka jambo la kwanza kabisa. Hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, hakuna wa kuuza hapo. Msimamizi wa mirathi aende na fomu namba 4 ya mahakama, ile ya kumteua, jina lake liingizwe kwenye daftari, ndipo mauziano yafuate. Na mama yenu mmemuuliza, au yeye wa kuanika mlenda tu?

Makato nayo yaweke kichwani: kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida, ushuru wa stempu asilimia 1, na uthamini lazima uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Tafuta risiti ya ile milioni 9 na za msingi. Bila risiti, huwezi kuthibitisha faida yako halisi ni ipi.

Jirani wa Athi River

Hata huku Kenya ni vivyo hivyo. Hati nyingi za kukodi zimeandikwa ujenge ndani ya miezi 24, na usiuze kabla hujajenga. Watu walizichukulia kama mapambo mpaka siku ya kuomba kibali cha kuhamisha.

Chapa Ng'ombe

Nimerudi kufuta maneno yangu. Mwarobaini ni mwarobaini.

Mrithi wa Alizeti

Mrejesho, wakuu. Nimelipia upekuzi, majibu nimeyapata leo asubuhi. Milki ipo, haijafutwa. Jina bado ni la mzee. Nikapitia ofisi ya ardhi ya mkoa, dada wa masjala akatafuta kwenye faili kama dakika ishirini: ilani ya 2016 imo, maazimio ya Baraza hayamo. Ameniambia niandike barua ya kuomba kuongezewa muda, niambatanishe ile ya jiji, na nilipe kodi ya pango kabla ya kitu chochote.

Mama nimemuuliza. Amesema kabla ya kuuza anataka kujua kama umeme umefika. Umefika, tangu mwaka jana, nguzo iko hatua kama sitini kutoka kwenye msingi. Sikuwa nimewaza kuangalia. Sasa anauliza fundi wa mashine yuko wapi siku hizi.

Mtaa wa Saba, njoo inbox, tuongelee hiyo sembe yenu.

Mnunuzi amepiga mara mbili tangu mchana, sijapokea.