Mjadala: Basari ya kaunti ifuate takwimu za ajira za wahitimu?

Mchokoo wa Barani
Msimu wa basari, yaani pesa za kaunti za kusaidia karo, ukifika hapa Malindi, wazazi hupanga foleni na fomu zao, kamati ya wadi hukaa, na pesa hukatwakatwa ili kila mtu apate chochote. Haulizwi mtu kozi hiyo inampeleka mtoto wapi. Natia hoja mezani: chuo kinachotaka wanafunzi wake walipiwe na kaunti kitoe hesabu ya wahitimu wake, kozi kwa kozi, wangapi wana kazi. Kozi iliyo chini ya nusu isipewe. Pesa ziende kwa umeme, mabomba, kuchomelea, upishi wa hoteli.

Na msinambie haiwezekani. Marekani waliwashika waliomaliza digrii mwaka wa masomo 2007–08, wakawauliza tena 2009, 2012 na 2018: nani amerudi kusoma, nani anafanya kazi gani, nani bado ana deni. Uingereza huwauliza wahitimu wao miezi 15 hivi baada ya kumaliza. Waitalia wana AlmaLaurea, muungano wa vyuo vikuu vyao, huuliza baada ya mwaka 1, 3 na 5. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba yetu limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo kikuu ni mzigo wa serikali kuu. Kwa nini basi pesa za kaunti yetu ya Kilifi zilipie digrii isiyo na mnunuzi?

Mhesabu
Mchokoo, hiyo "nusu" yako itakuchezea shere. Chukua chuo cha kubuni chenye wahitimu 400. Hojaji inatumwa kwa simu, wanajibu 120, na kati yao 84 wana kazi. Chuo kitaandika langoni kwa herufi kubwa: ASILIMIA 70 WAMEAJIRIWA. Hapo 84 imegawanywa kwa 120. Wale 280 walionyamaza wamefutwa kana kwamba hawakusoma. Ukiwadhania wote hawana kazi, ni 84 kwa 400, yaani asilimia 21. Ukiwadhania wote wanazo, ni 364 kwa 400, asilimia 91. Mstari wako wa nusu umo humo ndani, na hojaji haiwezi kukwambia chuo kiko upande gani wa mstari.

Na anayenyamaza si sawa na anayejibu. Mwenye kazi ana bando, laini ni ileile, na ana la kujisifia. Asiye na kazi huenda ameshabadili laini, au anaona haya tu.

Kisha hata hao 120 wana mizani iliyopinda. Tuseme waliojibu ni wanaume 90, wenye kazi 72, na wanawake 30, wenye kazi 12. Hiyo ni asilimia 80 na 40. Ikiwa waliohitimu ni nusu kwa nusu, kila mwanamke aliyejibu abebe uzito mara tatu ya mwanamume aliyejibu, na jumla inashuka kutoka 70 hadi 60. Pointi 10 zimeyeyuka bila kumpigia simu mtu hata mmoja. Chuo kisichoonyesha hesabu hii kinauza tangazo, hakitoi takwimu.

Bi Muyeye
Kaka Mhesabu, hesabu zako ni sawa, lakini mzazi anajaza fomu wiki hii. Akisubiri takwimu zisizo na ila, mtoto atakwisha kuwa mzee. Kwa sasa basari inagawanywa kama pilau ya harusi, aliye karibu na sufuria ndiye anayeshiba, na hakuna hata tarakimu moja ya kumzuia mpakuaji. Tarakimu mbovu iliyo wazi, yenye maelezo ya ubovu wake, ni bora kuliko mnong'ono.

Halafu hiyo 21 hadi 91 ni kututisha. Hakuna anayeamini kwamba walionyamaza wote wako sawa. Dawa yake inajulikana: chota majina 40 kwa kura kutoka kwa wale 280, uwaandame mpaka wapatikane. Piga simu saa tofauti, jioni baada ya magharibi ndipo watu hushika simu. Piga kwa nambari ya ndugu. Mwisho tuma mtu nyumbani. Arobaini si wengi. Kwa bodaboda, walioko Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo unawamaliza siku chache.

Mhesabu
Nakubaliana na hilo kabisa, dada. Wakipatikana wote 40 na wenye kazi wakawa 16, ni asilimia 40. Ipeleke kwa wale 280, unapata 112. Jumlisha na 84, ni 196 kwa 400: asilimia 49. Tazama tulikoanzia, 70. Na angalia, 49 iko chini ya nusu ya Mchokoo kwa unywele mmoja tu, wakati sampuli ya watu 40 inaweza kukosea pointi 15 kila upande kwa hilo kundi la walionyamaza. Mtanyima kozi nzima kwa unywele huo?

Jingine: vyuo hupenda kusema "tulihitaji majibu ya watu 196 tu kwa wahitimu 400, kosa la asilimia 5". Kanuni ipo, na jibu lake ni 196 kweli (imesadifu tu kufanana na ile 196 ya wenye kazi), ila inataka watu waliochotwa kwa kura. 196 wa kwanza kubofya kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa si sampuli.

Nahodha wa Langoni
Salaam kutoka Lamu. Mnagombana juu ya asilimia ya kitu ambacho hamjakieleza. Kazi ni nini?

Kipimo cha kimataifa cha takwimu za ajira kinasema: aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata saa moja katika wiki ya kuulizwa, ameajiriwa. Saa moja! Aliyepokea watalii gatini siku moja akapewa ahsante, ana kazi sawasawa na karani wa benki. Na tangu 2013 kipimo hichohicho kinamtoa anayelima kwa chakula cha nyumbani: mhitimu aliyeko Marafa akilima mahindi ya kula hana ajira, akiuza magunia anayo. Kipimo hiki kina maana yake kwa nchi nzima, lakini mzazi akisikia "ameajiriwa" anafikiria kitu kingine kabisa.

Swali la "Je, una kazi? Ndiyo / Hapana" litupwe. Wekeni haya: Siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata saa moja? Saa ngapi kwa jumla? Analipa nani: mwajiri, mteja, au ni biashara yako? Kuna mkataba wa maandishi? Kazi hiyo ungeipata bila cheti chako? Kisha chora visanduku 12, Januari mpaka Desemba, mhitimu atie alama kwenye kila mwezi aliokuwa kazini mwaka uliopita.

Hivyo visanduku 12 ndivyo vya maana kwetu pwani. Mvua za masika zikianza na kusi ikakaza, Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi za Malindi, Watamu na Shela hupunguza watu, nyingine hufunga kabisa. Ukiwauliza waliosomea utalii mwezi wa Mei utaona wote wako barazani. Waulize hao hao mwishoni mwa Desemba, wote wako kazini. Chuo chenye akili kitauliza Desemba, na hakuna atakayejua.

Na mtakapopanga majibu kwa makundi ya kazi, jihadharini na neno "hoteli". Aliyesomea uhasibu ataandika "nafanya hoteli". Afisini kwa hesabu, au langoni kwa ulinzi? Orodha ya kimataifa ya kazi, ISCO-08, ina vikundi vidogo 436, na "hoteli" si mojawapo, kwa sababu hoteli ni mahali. Ulizeni vitu viwili: cheo chako, na unachofanya hasa kutwa nzima. Bila la pili, anayeandika majibu atabahatisha, na atabahatisha kwa faida ya chuo.

Mchokoo wa Barani
Nahodha, kwa hivyo tukae tu? Rekodi zipo tayari. Chukueni nambari za PIN za KRA, wakusanya kodi, na michango ya NSSF, mfuko wa pensheni, linganisheni na orodha ya waliohitimu. Hakuna haya, hakuna kunyamaza, hakuna kutuma mtu nyumbani.

Nahodha wa Langoni
Na fundi wa kuchomelea unayempigania wewe hataonekana humo hata chembe. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya ziko nje ya sekta rasmi. Rekodi za kodi zitamwona karani, zitampoteza fundi, kisha kamati itahamisha pesa kutoka ufundi kwenda digrii. Kinyume cha hoja yako.

Maalim wa Mambrui
Mmesahau mlangoni, nani anaingia kozi gani. Digrii inataka C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, diploma C-. Aliyeingia uuguzi na aliyeingia kozi ya cheti hawakuanza mahali pamoja, wala nyumbani kwao si pamoja. Tofauti ya ajira yao si kazi ya kozi pekee. Ukitaka kujua kozi imeongeza nini, linganisha waliokuwa na alama zinazokaribiana. Hojaji iulize alama ya KCSE na elimu ya wazazi, au basi tusijidai tunapima ubora wa kozi.

Pili, saa ya kuuliza. Fundi umeme hupata kibarua mwezi wa kwanza. Mwalimu husajiliwa na TSC, tume ya walimu, kisha akangoja nafasi. Muuguzi ana mtihani wa baraza lake kwanza. Baada ya miezi sita ualimu utaonekana jangwa. Uingereza nao walikuwa wakiuliza miezi sita, wakaacha wakaenda 15. Uchunguzi wa miaka mitano unaweza kupindua orodha ya mwaka wa kwanza juu chini.

Tatu, Malindi si kubwa hivyo. Mkimwaga basari zote kwenye upishi wa hoteli mwaka huu kwa sababu takwimu za juzi zilipendeza, miaka mitatu baadaye wapishi watagombania jiko moja.

Bi Muyeye
Maalim, la tatu nakubali, la pili nusu. Mzazi anayelipa deni hawezi kungoja miaka mitano ndipo aambiwe. Uliza mwaka 1 na mwaka 3, chapisha zote mbili kando kwa kando.

Kazi yenyewe ianze siku ya kuchukua cheti, hapo ndipo kila mtu anapatikana. Fomu ya ukurasa mmoja: nambari mbili za simu, nambari ya ndugu asiyehamahama, kijiji, na saini ya ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka aambiwe data yake itatumika kwa nini, na anaweza kukataa. Kila miezi sita mtumie ujumbe mfupi ili laini ikifa mjue mapema. Na kozi yenye wahitimu 6 msiitolee asilimia. Katika mji kama Lamu au Faza, "mmoja hana kazi" ni kumtaja mtu kwa jina. Unganisheni miaka mitatu kwanza.

Nahodha wa Langoni
Kuna kundi ambalo hakuna aliyeligusa hapa: waliokatika njiani. Hojaji ya wahitimu haimuulizi asiyehitimu, na basari ipo kwa ajili ya mtu huyo huyo ambaye karo inamtoa chuoni.

Kozi A iliingiza 60, wakamaliza 30, wenye kazi 24. Asilimia 80, hongera. Kozi B iliingiza 60, wakamaliza 54, wenye kazi 36. Asilimia 67. Kwa hesabu ya Mchokoo, zote zinapita nusu na A inatangulia. Gawanya kwa walioingia: A ni 40, B ni 60. Shilingi ya kaunti hulipiwa anayeingia, si anayetoka.

Mchokoo wa Barani
Haya, hapo umenibana. Narekebisha hoja: kigawanyo kiwe walioingia, na kozi isikatwe kwa mwaka mmoja wa takwimu. Mstari wa nusu siuondoi, lakini chuo kitakachokataa kutoa idadi ya walioingia, waliomaliza na waliopatikana kwa simu, kikose basari bila kujali asilimia yake.

Mhesabu
Ongeza safu ya nne: waliotafutwa wasipatikane. Na mwezi wa kuuliza uamuliwe na kaunti, sio chuo. Maalim, wewe unapendekeza mwezi gani?

Maalim wa Mambrui
Oktoba. Kusi imelegea na krismasi haijafika. Ila nani atalipa hao wa kutumwa nyumbani? Kutoka mfuko uleule wa basari mimi sikubali.