Mshahara ukiingia tu mikono inawasha, naombeni ushauri wapendwa

Mama Wawili
Bwana Yesu asifiwe. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi, mimi niko kwaya na mume wangu ni mzee wa kanisa, mnaelewa. Nipo Dar, nafanya kazi kwa mtu binafsi, mshahara nikishakatwa napata laki saba na themanini, mume ana kazi yake, watoto wawili. Sio hela ya kutisha ila kuna watu wanalea kwa chini ya hapo. Sasa mimi mshahara unaingia tarehe 28, kufika tarehe 6 sina kitu, na ukiniuliza umeenda wapi nitakuonyesha mabegi. Usiku watoto wakilala nashika simu naangalia laivu za wadada wanaouza nguo na vyombo, naona gauni, "imebaki moja tu dada zangu", moyo unanienda mbio, nalipa. Asubuhi bodaboda analeta ofisini maana nyumbani sitaki aonekane. Hivi ninavyoandika chini ya meza yangu kazini kuna mifuko minne sijaipeleka nyumbani, mmoja una hotpoti na nyumbani ninazo tatu.

Kilichonimaliza ni jumapili iliyopita. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, mimi nimevaa gauni la elfu 85, tunapita mbele kutoa nafungua pochi naikuta elfu 2. Mbele yangu kuna bibi anauza mchicha pale kituoni kwetu, kabeba mkungu wa ndizi na kuku. Nikapita na elfu 2 yangu nimeikunja mpaka imekuwa kama karanga. Nikarudi nyumbani nikalia kweli, na usiku huohuo nikanunua viatu. Naomba msinicheke.

Na kuna mkopo wa kwenye simu laki mbili na arobaini mume hajui. Kuomba naomba, nilifunga siku tatu, ya nne nikanunua shuka. Nifanyeje jamani?

Mbeba Zege
Gauni moja elfu 85?? Mimi nguo zangu zote za mtumba wa Karume nikizijumlisha na viatu hazifiki hapo. Futa hiyo app dada, uzi ufungwe.

Neema Tele
Mbeba Zege acha kejeli mtu yuko kwenye vita. Mpendwa hiyo siyo akili yako, hilo ni pepo la matumizi na mara nyingi linatembea kwenye ukoo, hebu jiulize mama yako naye alikuwaje na hela. Unahitaji maombi ya kufunguliwa, sio ushauri wa bajeti.

Mbeba Zege
Pepo halijui namba ya siri mama. Ile namba anaibonyeza yeye kwa kidole chake.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, mimi ni Mkatoliki ila hili ni letu sote. Chukua Biblia usome Yoshua sura ya 7, taratibu. Yeriko imeanguka, Mungu amekataza kugusa nyara, Akani akagusa. Alipobanwa hakusema shetani kanipitia, alizitaja hatua zake mojamoja: nikaona, nikatamani, nikatwaa, nimeficha chini ya hema. Joho zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Sasa mimi huwa nawauliza vijana wa mafundisho ya ndoa, lile joho Akani angelivalia wapi? Akilivaa pale kambini siku hiyohiyo wangemuuliza kalitoa wapi. Alichukua vazi la kulifukia mchangani! Na wewe una mifuko minne chini ya meza, hotpoti hailishi mtu chini ya meza mwanangu.

Kununua gauni si dhambi, Maandiko yenyewe yamemsifu mke anayevaa vizuri, Mithali 31 inasema kitani safi na zambarau. Mimi ninachokiona kwako ni pale unapomwelekeza bodaboda apite njia nyingine. Ukiweza kununua kitu mchana, mumeo yupo, ukakiweka mezani, hicho nunua. Sikutishi na yale mawe aliyopigwa Akani. Bonde alilouawa linaitwa Akori, na ukienda Hosea sura ya 2 Mungu anasema atalifanya bonde hilohilo kuwa mlango wa matumaini. Mwambie mumeo. Anza na mkopo, usianze na viatu, watu huwa wanaanza na kidogo ili waone upepo halafu kikubwa kinabaki palepale.

Muuza Balo
Haya acha nijitoe ufahamu, mimi ndio hao wadada wa laivu. Nauza mtumba wa kike, nanunua balo la kilo 45 nafungua, zile kali natenga za laivu zilizobaki zinaenda mezani kwa bei ya kumwaga. Dada "imebaki moja" sio uongo, mtumba kila nguo ni moja ndio maana neno lile lina nguvu, hata balo likiwa na magauni mia kila gauni lipo peke yake. Laivu naanza saa tatu usiku sio kwa bahati mbaya, saa hiyo mama kashapika kashaogesha watoto yuko hoi anataka na yeye kitu chake. Na tarehe 28 mpaka 5 sikosi hata siku moja, katikati ya mwezi napumzika. Anayelipa dakika kumi anachukua, asipolipa nampa mwingine. Zamani nilikuwa na mdogo wangu anaandika kwenye komenti "nipe mimi hiyo" ili watu wapandwe joto, nikaacha, nilikuwa naona aibu jumapili kwenye sadaka, hela ileile.

Kwa hiyo nakwambia siri ya duka: mteja ninayemwogopa ni anayeniandikia "niwekee mpaka kesho". Wengi wao asubuhi siwaoni tena, na nguo nimeshawawekea hasara yangu. Mimi ninachouza ni haraka yako, gauni ni la ziada tu. Ikija kesho bado unaitaka na hela ya ada ipo pembeni, njoo nikuuzie kwa amani.

Shosho Nakuru
Hapa kwetu Kenya tuko na hiyo shida pia, hata mimi simu ilinimaliza. Kile kilinisaidia ni chama, ile group ya kuweka akiba pamoja. Pesa ikiingia tu kabla nimalize hata kusoma meseji natuma ya chama, ya kanisa na ya school fees, ile inabaki nikila nimekula. Zaka ukiitoa mwisho haitoki, utajikuta na hiyo elfu 2 kila mwaka. Pia mkumbuke wanaume, hapa sioni mtu akisema juu ya zile mechi wanaweka bet kila wikendi.

Mbeba Zege
Mimi sijasema kitu.

Alto wa Nyuma
Mi nasema na kanisa lijiangalie maana mnambebesha dada peke yake. Kwenye kwaya yetu mwaka huu tumeshashona sare tatu, ya Pasaka, ya jubilei na ya kumsindikiza mchungaji, bado michango ya send-off na kitchen party ambazo nazo zina kitenge chake, na usiposhona unasimama nyuma kama umekuja kuazima sauti. Halafu jumapili tunasomewa Luka 12:15 jilindeni na choyo. Amina, ila tangazo linalofuata ni rangi ya kitambaa.

Neema Tele
Hapo kwenye sare umesema kweli. Ila bado maombi yanahitajika.

Mama Wawili
Nimerudi wapendwa, asanteni, hata wewe Mbeba Zege. Nilimwambia mume juzi, nikaanza na mkopo kama katekista alivyosema. Alinyamaza nikadhani ataondoka. Akauliza jumla na riba inakuwa shilingi ngapi, nikasema sijawahi kupiga hesabu, akachukua daftari la mtoto la hisabati tukapiga, mimi nilikuwa nadhani laki mbili na arobaini kumbe imeshagusa laki tatu na ishirini. Kwenye zile hotpoti alicheka mpaka akakaa chini, akauliza tunafungua hoteli lini. Mifuko imekuja yote iko kwenye kochi, anataka nipite nayo hapo kila siku mpaka nijue cha kuuza na cha kugawa. Hasira zilikuja kesho yake, hatujaongea vizuri mpaka leo, mtuombee.

Jana usiku niliingia tena laivu, sitawadanganya. Kulikuwa na blauzi ya kijani. Nikaandika "niwekee mpaka kesho", yule dada akanitoa kwenye laivu.

Viatu namba 39 havijavaliwa, nilinunua elfu 45 natoa kwa 30 niende kupunguza deni.

Mbeba Zege
Mke wangu anavaa 39. Subiri nikujibu kesho.