Kadi ya mkopo yenye pointi: inamfaa mfanyabiashara wa Kigoma?

Mwenye Duka, Mwanga (Kigoma)

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya shule na uchapishaji hapa Mwanga, na miaka yote nimetumia kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata fedha zilizomo kwenye akaunti yangu. Wiki iliyopita ofisa wa benki alinifuata dukani akanieleza kwamba nimekidhi vigezo vya kupewa kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 3,000,000. Kwa kila shilingi 1,000 nitakayotumia nitapata pointi 1, na kila pointi itakuwa na thamani ya shilingi 5. Ada ya mwaka ni shilingi 50,000, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi kwa deni litakalobaki bila kulipwa.

Matumizi yangu yanayoweza kupita kwenye kadi hayazidi shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani tiketi ya ndege na malazi ninapokwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, mafuta ya gari, na wino wa mashine ninaouagiza kwa intaneti. Mengine yote, kuanzia dagaa na mawese ya nyumbani hadi posho ya kijana wa dukani, nalipa taslimu au kwa simu. Je, pointi hizo zina faida ya kweli kwangu, au nitakuwa nimejitwisha deni kwa kufuata zawadi?

Mhasibu Mstaafu, Isevya (Tabora)

Mwanangu, umefanya vema kuweka hesabu mezani, kwa sababu jibu lako limo humo humo. Shilingi 600,000 kwa mwezi zitakupa pointi 600, ambazo ni shilingi 3,000; kwa mwaka ni shilingi 36,000. Ukitoa ada, umepoteza 14,000 hata kama hukuchelewa kulipa siku moja. Ili ada peke yake irudi, unahitaji kupitisha kwenye kadi shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Na ukibakiza deni la 600,000 kwa mwezi mmoja tu, riba yake ni 18,000, yaani pointi zako zote za miezi 6.

Usishangazwe na simulizi za Marekani ambako watu husafiri kwa pointi. Zawadi za kadi hutokana kwa sehemu kubwa na makato anayotozwa muuzaji kila kadi inapopita kwenye mashine, na kule makato hayo ni makubwa. Umoja wa Ulaya ulipoweka ukomo wa asilimia 0.3 mwaka 2015 kwa sehemu ya makato inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo, zawadi nyingi zilipungua. Huku kwetu, muuzaji wa migebuka pale Kibirizi hana mashine ya kadi. Ana namba ya kulipia kwa simu, na malipo yako pale hayakuletei pointi.

Faida ninayoiona mimi, ambayo naona ofisa wako hakuigusia, ni muda. Tuseme taarifa ya akaunti inafungwa tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mzigo ulionunua tarehe 26 Machi utaingia kwenye taarifa ya Aprili, nawe utaulipia tarehe 15 Mei, siku 50 baadaye, bila riba. Ule ulionunua tarehe 24 Machi unadaiwa tarehe 15 Aprili, siku 22 tu. Kwa mtu anayenunua madaftari kabla shule hazijafunguliwa, tofauti hiyo ina uzito kuliko pointi zote, ilimradi deni lilipwe lote. Ukilipa pungufu, benki nyingi huhesabu riba tangu siku ya manunuzi.

Mkulima na Mfanyabiashara, Kasulu

Ninaandika kwa uchungu, kwa sababu yalinikuta. Nilinunua vifaa vya umeme wa jua vya shilingi 2,000,000 kwa kadi ya namna hiyo. Ujumbe wa benki ukaniambia kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 5, nikalipa 100,000 nikaamini nimetimiza wajibu. Taarifa iliyofuata nilikaa nayo barazani, kalamu mkononi, nikaisoma mstari kwa mstari: nimelipa 100,000, riba 60,000, deni limepungua kwa 40,000. Niliusoma mstari wa mwisho mara tatu. Siku zote nilikuwa nikiwaonya akina mama wa kikoba chetu wasikope kausha damu, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimo kwenye mkopo mzito usio na jina hilo.

Kosa la pili lilikuwa kutoa taslimu kwa kadi hiyo kwenye ATM. Fedha hizo zilitozwa ada ya kutolea, riba ikaanza kuhesabiwa siku ile ile, na hazikuniletea pointi hata moja. Dada, ukiichukua kadi hiyo, usiipeleke ATM kamwe.

Msafiri wa Ujiji

Nakubaliana na mzee, lakini kwa manunuzi ya intaneti mimi naitetea kadi ya mkopo. Niliwahi kulipia vipuri visivyofika, na kwa kuwa zilikuwa fedha za benki, malalamiko yangu yalishughulikiwa huku akiba yangu ikiwa salama. Angalia pia bei ya dola ambayo benki hutumia kwenye wino wako, pamoja na wauzaji wanaoongeza asilimia kadhaa ukilipa kwa kadi. Nyongeza ya asilimia 2 ni mara nne ya thamani ya pointi zako.

Mwenye Duka, Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Kaka wa Kasulu, pole sana. Leo nimerudi benki, nao wamekubali kwa maandishi kuifuta ada ya mwaka wa kwanza. Je, niichukue?

Mhasibu Mstaafu, Isevya (Tabora)

Marahaba, mwanangu. Ichukue, lakini omba kikomo kishushwe hadi 1,000,000, kisha uwape maagizo ya kudumu kwamba deni lote, si kile kiwango cha chini, likatwe kwenye akaunti yako siku 3 kabla ya tarehe ya mwisho. Ukichelewa, habari hiyo huishia kwenye taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na benki yoyote utakayoiendea kuomba mkopo wa kupanua duka inaweza kuisoma. Ukifika mwezi wa 11 tangu upewe kadi, waulize kuhusu ada ya mwaka wa pili. Wakisema imerudi, rudisha kadi na uombe barua ya kufungwa kwa akaunti hiyo.