Ukoo wa Mtongwe: timu ya watu wa mashua

[17:38] Swaleh Soton: Asalaam aleikum wanaukoo. Niko uwanjani, baridi ya huku yauma mpaka meno. Leo nimeziacha timu kubwa na televisheni zao, nimekuja kutazama Sholing, timu ndogo ya hapa Southampton.

[17:39] Swaleh Soton: (picha)

[17:40] Kassim: Huo ndio uwanja?? Mbona kama wa shule ya msingi 😂

[17:41] Swaleh Soton: Ndio huo. Na mzee aliyenikatia tiketi getini ndiye yuaweka bendera za kona sasa hivi.

[17:41] Kassim: Wachezaji wanalipwa kweli?

[17:43] Swaleh Soton: Wanalipwa kidogo, ya mafuta na zaidi kidogo. Kila mtu ana kazi yake. Mazoezi ni jioni wakishatoka kazini. Huyu beki wa kushoto nimemsikia akimwambia mwenzake kuwa Jumatatu ana paa la mtu la kuezeka.

[17:44] Babu Nevi: Sholing ipi? Ile ya upande wa Woolston?

[17:44] Swaleh Soton: Ndiyo babu. Shikamoo.

[17:45] Babu Nevi: Marahaba. Basi hiyo si Sholing. Hiyo ni timu ya Vosper, waunda meli.

[17:45] Swaleh Soton: Sasa yaitwa Sholing, babu.

[17:46] Babu Nevi: Nimeshakwambia. Ni ya Vosper. Mimi nimekaa hapo.

[17:46] Fatma Likoni: Haya, babu ameanza. Na mimi niko foleni ya feri hapa, sina pa kwenda, hebu tuhadithie.

[17:52] Babu Nevi: Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa nevi ya Kenya. Serikali ilikuwa imeagiza meli mbili kwa Vosper Thornycroft, KNS Nyayo na KNS Umoja. Tukapelekwa Southampton kujifunza vyombo vyetu. Asubuhi unaingia yadini, unakuta mafundi wako juu ya ngazi, cheche zinaruka, unasikia nyundo mpaka kifuani. Jumamosi mchana kimya. Ukiuliza watu wako wapi, waambiwa wameenda mpirani. Timu ni yao. Huyu anayechomelea bamba la meli yako Ijumaa, kesho yake ndiye namba tisa.

[17:53] Ami Maskati: Kweli kabisa. Na huku Oman meli za Dhofar, Al Sharqiyah na wenzake zimetoka kwa Vosper hao hao. Hata Qahir al Amwaj baadaye.

[17:54] Babu Nevi: Na zetu za kwanza pia, Simba, Chui na Ndovu za 1966, ni za Vosper. Lakini hizo kabla sijaajiriwa, na Vosper wakati huo ilikuwa Portsmouth peke yake.

[17:55] Kassim: Sasa Vosper ni nani na Thornycroft ni nani? Mimi nilidhani ni mtu mmoja ana jina refu

[17:59] Swaleh Soton: Hapa nimepewa kijitabu cha mechi, kina ukurasa mzima wa historia. Timu ilianza 1884 ikiitwa Woolston Works, yaani vijana wa kiwanda cha meli cha Woolston, ukingoni mwa mto Itchen. Thornycroft alikuwa Chiswick, London. Meli zake zikawa kubwa hazipiti tena chini ya madaraja ya mto Thames, akahamia Woolston 1904. Timu ikachukua jina lake, Thornycrofts. Mwaka 1966 Vosper na Thornycroft wakaungana, na timu nayo ikawa Vosper Thornycroft.

[18:00] Bi Mkubwa: Kama mwanamke anayeolewa kila mara na kubadilishwa jina.

[18:00] Fatma Likoni: 😂😂 nyanya!

[18:03] Rukia Kigoma: Subirini, Thornycroft huyo huyo?! Ndiye aliyeunda zile boti za Ziwa Tanganyika! Wakati wa vita vya Wajerumani, 1915, Waingereza walileta boti mbili kwa meli mpaka Cape Town, kisha reli, kisha zikaburutwa na matrekta ya mvuke na maksai kupita milimani Kongo mpaka ziwani. Boti zenyewe ziliitwa Mimi na Toutou.

[18:04] Kassim: Boti inaitwa MIMI?

[18:04] Rukia Kigoma: Wallahi. Mimi. Kwa Kifaransa cha watoto ni paka, na Toutou ni mbwa. Mkuu wa msafara alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wa nevi wakakataa.

[18:05] Kassim: Yaani Mjerumani akiuliza nani kanishika, jibu ni Mimi 😂

[18:06] Rukia Kigoma: Na ndivyo ilivyokuwa! Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata Kingani, wakaibatiza Fifi. Februari iliyofuata Mimi na Fifi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Ndiyo MV Liemba yetu hii, iliibuliwa 1924.

[18:07] Babu Nevi: Ahsante binti yangu. Ila boti zile hazikuundwa Woolston. Thornycroft alikuwa na yadi nyingine ndogo kwenye kisiwa cha mto Thames. Mwenye mali ni mmoja.

[18:08] Swaleh Soton: Mpira umeanza. 0-0. Nawaandikia mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe.

[18:09] Bi Mkubwa: Kikombe cha nini?

[18:09] Swaleh Soton: Chai nyanya 😅

[18:12] Babu Nevi: Uliza kwanza ndani mna nini. Mimi Jumamosi yangu ya kwanza hapo, fundi mmoja alinipa kikombe cha moto. Nimeona rangi ya kahawia, nikasema chai ya rangi hii. Nikatia sukari vijiko vitatu. Kumbe ni Bovril, mchuzi wa ng'ombe. Nikameza. Nikameza tena kwa sababu yule mtu alikuwa ananitazama usoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya supu yenye chumvi nyingi nakumbuka goli la kusini.

[18:13] Fatma Likoni: Nimecheka peke yangu, watu wa feri wananitazama

[18:14] Bi Mkubwa: Miaka hii yote hukunihadithia. Ndio maana hutaki supu yangu.

[18:15] Kassim: Tuambieni ukweli, hii timu imewahi kufanya nini? Kombe lolote?

[18:20] Swaleh Soton: Ngoja. Kuna mbili. Ya kwanza ni ya 1920. Wameingia raundi ya kwanza ya Kombe la FA, wakapangwa na Burnley, timu ya ligi ya juu kabisa. Mafundi wa yadi wakatoka suluhu, 0-0! Mechi ya marudio kule Burnley wakapigwa 5-0, sawa. Lakini Burnley hao msimu ule walimaliza wa pili Uingereza nzima, na msimu uliofuata wakawa mabingwa.

[18:21] Ami Maskati: Suluhu na mabingwa watarajiwa! Kisha Jumatatu unarudi kupiga misumari ya chuma.

[18:22] Babu Nevi: Hiyo 0-0 niliisikia yadini mara mia. Miaka sitini na saba ilikuwa imepita, na watu wanaihadithia kama ya juzi.

[18:23] Kassim: Na ya pili?

[18:23] Swaleh Soton: Ya pili ni Wembley.

[18:23] Kassim: WEMBLEY??

[18:24] Swaleh Soton: Subiri, wamekosa goli la wazi hapa, mzee wa bendera ametukana mpaka mwanawe amemziba mdomo.

[18:29] Swaleh Soton: Haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni, ambayo sasa ilikuwa inaitwa VT, ikahamishia uundaji wa meli Portsmouth. Yadi ya Woolston ikafungwa. Pale ambapo meli zilikuwa zikishuliwa sasa kuna maghorofa ya kuishi, nimepita asubuhi, watu wametundika nguo barazani. Timu ikabaki na jina la VT tu, yadi hakuna. Mwaka 2010 ndipo wakaamua kujiita Sholing, jina la mtaa uwanja ulipo.

[18:30] Babu Nevi: Maghorofa pale pale gatini?

[18:30] Swaleh Soton: Pale pale babu. Nitakupigia picha kesho.

[18:31] Babu Nevi: Usinipigie.

[18:33] Ami Maskati: Kaka pole. Hata mimi nilipoona Forodhani imebadilika nilikaa kimya siku mbili.

[18:34] Swaleh Soton: Basi endeleeni kusikia. Walikuwa wamepanda mpaka Southern League, lakini gharama zikawalemea. 2013 wakaomba wenyewe kushuka daraja warudi ligi ya Wessex.

[18:35] Kassim: Mtu anajishusha daraja mwenyewe? Sijaona.

[18:35] Bi Mkubwa: Wewe mwenye nyumba wa Tudor alipopandisha kodi hukuja kulala sebuleni kwangu?

[18:36] Kassim: 🙈

[18:39] Swaleh Soton: Na msimu ule ule waliojishusha, 2013/14, wakachukua ubingwa wa Wessex NA wakafika fainali ya FA Vase, kombe la timu ndogo za Uingereza. Fainali Wembley, Mei 2014. Wakashinda 1-0, goli la Marvin McLean kipindi cha pili. Na walicheza na nani? West Auckland Town, timu ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini. Hao nao wana yao: 1909 na 1911 walikwenda Torino kwenye kombe la Sir Thomas Lipton wakalibeba mara zote mbili. Fainali ya 1911 waliwapiga Juventus 6-1.

[18:40] Kassim: Juventus ile ile???

[18:40] Swaleh Soton: Ile ile.

[18:41] Ami Maskati: Kwa hivyo Wembley walikutana waunda meli wasio na yadi na wachimba makaa wasio na mgodi. Subhanallah.

[18:44] Kassim: Sawa nakubali ni historia. Lakini babu, timu imebadilisha majina mara nne, yadi imekufa, wachezaji ni wezekaji wa paa. Hiyo si timu yako tena. Ni timu nyingine imekalia kiti chake.

[18:49] Babu Nevi: Kassim, sikiliza. Tazama hayo majina vizuri. Woolston Works, Thornycrofts, Vosper Thornycroft, VT. Yote ni ya mwajiri. Tajiri akinunuliwa, na fulana zinashonwa upya. Sholing ndilo jina la kwanza ambalo hakuna tajiri anayeweza kuliuza. Na kombe kubwa wamelipata wakiwa na jina hilo. Mimi nasema Vosper kwa mazoea tu, ni ulimi.

[18:50] Kassim: Lakini dakika kumi na tano za kwanza ulikuwa unabishana na Swaleh 😂

[18:50] Babu Nevi: Nimebadilisha. Mtu haruhusiwi?

[18:52] Fatma Likoni: Sasa mnanitia wasiwasi na Bandari, timu yetu ya hapa Mombasa. Siku mamlaka ya bandari ikisema pesa za mpira zimekwisha, pale Mbaraki itakuwaje?

[18:53] Ami Maskati: Itaitwa Mbaraki FC, na wewe utauza viazi karai getini.

[18:53] Fatma Likoni: Na ubuyu. Msisahau ubuyu.

[18:54] Babu Nevi: Fatma bado uko foleni?

[18:55] Fatma Likoni: Feri moja imepaki, tuko elfu nzima hapa. Nimesimama na mkoba wa samaki unaanza kunuka.

[18:58] Babu Nevi: Hata Woolston walikuwa na Likoni yao. Kivuko cha minyororo, wao wakikiita Floating Bridge. Kilivusha watu mto Itchen tangu 1836 mpaka 1977 walipojenga daraja. Wazee wa yadi walikuwa wakitwambia zamu ikitoka jioni, wanaume wamejazana humo na baiskeli zao kama dagaa. Nikawaambia mimi kwetu ndivyo, tena na mbuzi.

[18:59] Swaleh Soton: Na daraja lenyewe wenye magari hulipia mpaka leo! Nimelipa nikija.

[19:00] Fatma Likoni: Basi heri yetu ya bure, hata kama haifiki 😩

[19:02] Swaleh Soton: Mapumziko. Bado 0-0. Babu, kuna wazee watatu wamekaa kwenye benchi karibu na kibanda cha chai, wamevaa skafu za timu. Wakubwa kuliko wewe. Nawauliza yadi?

[19:02] Babu Nevi: Waulize.

[19:03] Bi Mkubwa: Amesimama. Amekaa. Amesimama tena.

[19:11] Swaleh Soton: Babu!! Mmoja alikuwa fundi wa kupaka rangi yadini. Nimemwambia babu yangu ni wa nevi ya Kenya, alikuja kuchukua meli 1987. Kaniuliza, “Ny-ay-oh au Umoja?”

[19:11] Fatma Likoni: Yallah!

[19:12] Kassim: Anakumbuka Umoja??

[19:14] Swaleh Soton: Anasema Umoja alitamka vizuri tangu siku ya kwanza, Nyayo ndiyo iliwashinda wote. Na anasema Wakenya walikuwa wanavaa makoti mawili mawili.

[19:15] Babu Nevi: Matatu.

[19:16] Swaleh Soton: Nimemuuliza na nyie sasa mnaiitaje timu, Vosper au Sholing. Kacheka, kasema “the Boatmen”. Hilo ndilo jina lao la utani, watu wa mashua, halijabadilishwa na mtu.

[19:17] Babu Nevi: Mpe simu.

[19:17] Swaleh Soton: Sasa hivi? Kipindi cha pili kinaanza babu.

[19:17] Babu Nevi: Mpe simu mwanangu. Mpira utachezwa.

[19:18] Bi Mkubwa: Ameenda kuvaa kofia ya nevi. Piga video, mkae mkijua nyumba hii hailali leo.

[19:31] Kassim: Wameongea nini jamani? Dakika kumi na mbili!

[19:33] Swaleh Soton: Hawakuongea sana. Mzee wa watu alimwonesha babu uwanja, babu akamwonesha Mtongwe kutoka dirishani. Kisha wakabishana ile meli ya faiba, HMS Wilton, ilishuliwa mwaka gani. Mzee akasema 1972, babu akasema 1973, mzee akasema “nilikuwepo”, babu akanyamaza.

[19:34] Babu Nevi: Aliponinyamazisha nikamuuliza Bovril bado ipo. Ipo.

[19:35] Swaleh Soton: GOOOLI! Wamefunga Sholing! Yule mwezekaji wa paa, kichwa!

[19:35] Kassim: Jezi yao bei gani, nitumieni nambari mbili

[19:36] Fatma Likoni: Nimevuka. Niachieni mahamri.