Alien (1979): wewe uliisikia wapi mara ya kwanza? Tupeane uzoefu

Mlinzi wa Zamu
Wakuu, salaam. Nazungumzia ile filamu ya dubwana linalowaua mmoja mmoja watu wa chombo cha angani. Nimeandika "uliisikia", wala sijakosea. Kuiona wengi tumeiona. Leo nataka habari za masikio.

Naanza mwenyewe. Morogoro, 1998, kibanda umiza nyuma ya soko, kiingilio shilingi 50. Mkanda umechoka, mistari inapanda na kushuka kwenye kioo. Jamaa wa kutafsiri anakaa pembeni ya deki na maiki yake, na kila akifungua mdomo anapunguza sauti ya filamu. Sasa Alien ni filamu ya watu kunyamaza. Mwanzo wake wote ni chombo kinapita taratibu angani, watu saba wanaamka, wanakula, wanabishana habari za bonasi. Jamaa akaona biashara inaharibika, akaanza kujaza ya kwake. Nahodha Dallas akampa usteringi, akamtungia na mchumba anayemsubiri nyumbani. Basi Dallas alipotambaa kwenye zile njia za hewa na mtambo wake wa kurusha moto, sisi tumetulia tuli. Steringi hafi! Dubwana likamnyakua humo humo. Kibanda kizima kilizomea, na mzee mmoja alisimama akadai shilingi 50 yake.

Miaka ishirini baadaye niko lindo la usiku, nikaifungua kwenye simu, hedifoni masikioni. Ndipo nikajua sikuwahi kuisikia. Pale mwanzo jina linajichora kijiti kimoja kimoja, na chini yake kuna sauti mbili zinajirudia huku zinafifia, kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa na mlango wa uani ndio unaomjibu. Nilivua hedifoni, nikawasha taa zote za geti.

Haya, leteni zenu.

Bint Majengo
Mie sikuiona kabisa. Niliisikia ukutani.

Nyumba yetu Mombasa ilikuwa ya vyumba sita, viambaza havifiki juu, ukikohoa chumba cha kwanza unaambiwa pole chumba cha sita. Video ilikuwa kwa ami, na watoto tulishafukuzwa tukalale. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasikia watu wanakula. Vijiko, sahani, mtu anacheka na mdomo umejaa. Nikasema moyoni, leo ami ana wageni. Mara mmoja akaanza kukohoa, viti vikaburutwa, vyombo vikaanguka, halafu mayowe. Hakuna fidla, hakuna ngoma ya kukwambia jiandae. Kwa hivyo nilijua ni kweli. Nilikimbia kwa mama nikamwambia kuna mtu anakufa kwa ami, mama akatoka na kanga kiunoni kwenda kugonga mlango. Wakubwa wote walikuwa wamepanda miguu juu ya kitanda.

Nilipoiona nikiwa mkubwa ndipo nikaelewa. Chakula kile, pale kifua cha Kane, mmoja wa wale saba, kinapopasuka na mdudu kutoka, hakikuwekewa muziki. Goldsmith, mtunzi wa muziki wake, alinyamaza. Na waigizaji walijua kitatoka kitu, ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Ule uso wa Veronica Cartwright si uigizaji mtupu. Mtu akiniuliza muziki gani wa filamu ile ulinitisha zaidi, namjibu vijiko.

Jengine, maana sie ni watu wa pwani. Yule mdudu wa usoni anapolazwa mezani na kuchokorwa na Ash, mwanasayansi wa chombo, ndani walimjaza chaza na figo la kondoo. Nilimwambia mume wangu, ambaye ni mvuvi. Akaniuliza, "Na ndimu je?"

Tarumbeta la Tatu
Dada, umenichekesha, lakini nina machungu yangu hapa.

Mimi napiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, na jumamosi harusini. Wenzangu wananishangaa ninavyompenda Jerry Goldsmith. Kwenye Alien alikuwa na okestra kamili, National Philharmonic, iliyorekodiwa London, lakini humo ndani akachanganya na didgeridoo, lile bomba refu la mti la kupuliza la Waaborijini wa Australia, na serpent, lile dude la kizamani la Ulaya lililojikunja kama nyoka, na makombe makubwa ya bahari yanayopulizwa kama baragumu. Halafu sauti nyingine akazipitisha kwenye Echoplex, mashine ya kutengeneza mwangwi kwa utepe. Zile sauti mbili za Mlinzi, za kubisha hodi, ni kazi ya mashine hiyo. Mtu wa pwani akisikiliza vizuri atajua kuna kombe linapulizwa humo, hata kama hawezi kusema ni wapi.

Machungu yenyewe ni haya. Ufunguzi wake wa kwanza haukuwa huu. Aliandika tarumbeta moja ya upweke juu ya nyuzi, tamu, ya mtu anayeangalia nyota na kustaajabu. Ridley Scott, mwongozaji, akaukataa. Goldsmith akarudi kuandika huu wa baridi. Si hilo tu. Wakati wa kuhariri, mhariri Terry Rawlings alikuwa ameweka kwa muda vipande vya muziki wa Freud, filamu ya 1962, ambao pia ni wa Goldsmith. Wakauzoea. Ikawa baadhi ya alivyovitunga kwa Alien vinatolewa, na hivyo vya zamani vinabaki! Na mwishoni kabisa, Ripley, yule dada aliyebaki hai, anapolala na paka wake, unaosikika ni wa mtu mwingine: simfoni ya pili ya Howard Hanson, ya 1930. Goldsmith hakuficha kuwa alichukizwa.

Nami yamenikuta, kwa kiwango changu. Miezi miwili tumefanya mazoezi ya wimbo wa kuingiza maharusi. Tumefika ubeti wa pili, MC akatoa ishara, spika zikapiga bongofleva. Nilibaki nimeshika tarumbeta mdomoni kama mtoto aliyenyang'anywa embe.

Ila niwe mkweli, ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Ule mwanzo wa baridi ni bora kuliko ule mtamu. Nimeusikiliza wa kwanza mara nyingi. Ungetuambia anga ni pazuri, na filamu ingepoteza dakika kumi kutushawishi vingine. Scott alikuwa sahihi. Kwa Hanson, hapana, siwezi kumsamehe.

Kijana wa Jana
Mimi nililala pale wanapokula. Nimeamka, amebaki dada na paka. Samahanini.

Mlinzi wa Zamu
@Kijana wa Jana, wewe ndiye ungemfaa yule jamaa wa maiki.

Nesi wa Mwanza
Mimi muziki sijui, nina habari ya aliyekuwa ndani ya lile vazi la dubwana. Wengi hawajui kama ni Mwafrika. Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos. Alionekana kwenye baa London akiwa mwanafunzi, mrefu zaidi ya mita 2, miguu mirefu na mwembamba kama mwanzi, wakasema huyu huyu. Hiyo ndiyo filamu pekee aliyocheza. Alikuwa na selimundu, ikamuua 1992 akiwa na miaka 39.

Mdogo wangu ana selimundu. Alikuwa wodini na maumivu ya viungo, maji yanaingia kwa dripu, usiku hauishi. Aliniomba tuangalie kitu cha kutisha, eti maumivu yapate mwenzake wa kuongea naye. Nikaweka Alien, sauti chini kwa ajili ya wagonjwa wengine. Pale Brett, fundi wa chombo, anapomtafuta paka, minyororo inagongana na maji yanamdondokea kofiani, dogo akaangalia dripu yake, tone, tone, akasema, "Dada, wameiga hii."

Lile dubwana likajikunjua taratibu kutoka juu. Nikamwambia ndani yake ni nani. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudishe nyuma. Tuliliangalia mara nne lile linalojikunjua, yeye akitazama jinsi linavyokunja magoti.

Bint Majengo
Mungu amponye mdogo wako, dada. Yuaendeleaje?

Nesi wa Mwanza
Yupo, anasoma chuo. Kaweka picha ya Badejo kwenye simu, akiwa amevaa vazi lakini bila kichwa cha dubwana. Watu wanamuuliza huyo ni mjomba wako?

Tarumbeta la Tatu
Na anawajibu nini?

Nesi wa Mwanza
Anajibu ndiyo.