Jiji halina hela ya mtaro ila linaruhusu ghorofa 14, haya maamuzi yanafanywaje?

mkazi_wa_kona

Wakuu habari zenu. Naomba mnieleweshe. Mtaa wetu ni wa nyumba za chini miaka yote, mtaro wa maji ya mvua ni mwembamba na bomba la maji taka linafumuka kila mvua ikikolea, tumeandika barua, tumemfuata diwani, jibu ni moja tu, bajeti haina hela. Sasa limebandikwa tangazo kwamba viwanja vya pale kona vinabadilishwa matumizi, vinatoka makazi ya kawaida vinakuwa makazi na biashara, ruksa kupanda hadi ghorofa 14. Ninachoshindwa kuelewa, jiji hilohilo linaloshindwa mtaro linaamuaje kuongeza kaya zote hizo kwenye bomba lilelile? Wanaoamua hela na wanaoamua ardhi ni watu walewale au kila mmoja yuko kwake na hawaulizani? Na sisi wakazi tunaingilia wapi hasa, maana kila tukifika kikaoni tunaambiwa hilo lilishapita. Siipingi ghorofa kwa kuwa ni ghorofa, watu wanahitaji pa kuishi. Ninachokataa ni kuongezewa mzigo bila bomba.

mezani_kwa_ramani

Mkuu swali lako ni la msingi na wengi hawaliulizi hivyo, wanauliza la hela peke yake au la ardhi peke yake.

Kwa kifupi majiji mengi yanaendesha haya mambo kwenye njia mbili zisizokutana mpaka mwisho kabisa. Njia ya hela inakwenda kwa mwaka wa fedha, idara zinaleta maombi miezi mingi kabla, watu wa fedha wanaipa kila idara ukomo wa matumizi, kamati ya fedha inachambua halafu baraza linapitisha. Njia ya ardhi haina msimu, mwenye kiwanja akileta ombi leo linaanza kutembea leo, linaenda kwa wataalamu wa mipango miji, linabandikwa tangazo, kamati ya mipango inakaa, baraza linaridhia au linakataa. Baraza ni lilelile moja, madiwani ni walewale, ila makabrasha yanawafikia siku tofauti yakiwa na vichwa tofauti, na kwenye kabrasha la ghorofa mara nyingi hakuna ukurasa unaosema bomba la mtaa huu lina uwezo wa kubeba kaya ngapi. Kama hakuna aliyeudai huo ukurasa hautaandikwa.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Uamuzi wa kubadilisha matumizi ya ardhi kwa siku unapopitishwa hauli hata senti ya jiji, ni saini tu, tena unaleta ada na baadaye kodi ya majengo. Mtaro unakula hela leo. Kwa hiyo diwani akiwa na vyote viwili mezani kimoja kinaonekana cha bure na kingine cha gharama, wakati ukweli ni kwamba ile saini imezaa deni la bomba, isipokuwa hilo deni halijaandikwa popote.

Kuhusu kufika kikaoni mkaambiwa limeshapita, hiyo ni kwa sababu kikao cha wananchi huwa kinakuja mwishoni. Ukitaka kuona mfano wa utaratibu ulioandikwa vizuri angalia New York, tangu katikati ya miaka ya 1970 wana mlolongo wa mabadiliko ya ardhi wenye saa yake, ombi likikamilika bodi ya mtaa inapewa siku 60, rais wa eneo (kiongozi aliyechaguliwa wa sehemu ya jiji) siku 30, tume ya mipango siku 60, halafu baraza la jiji siku 50. Kila mtu anajua zamu yake. Lakini hata pale rai ya bodi ya mtaa ni ushauri tu haimfungi mtu, na wenye uzoefu watakwambia mazungumzo yenye uzito hufanyika kabla saa haijaanza kuhesabu, mwombaji anapokaa na wataalamu kuandaa ombi. Ndiyo maana wewe unaona mlango umefungwa.

hesabu_hazidanganyi

Niongezee upande wa hela maana hapo kwenye "bajeti haina hela" pana mengi na mimi nimefanya kazi za mahesabu ya serikali za mitaa muda mrefu.

Bajeti ya jiji ina mafungu mawili makubwa, la uendeshaji (mishahara, mafuta, umeme, taka) na la maendeleo (barabara, mabomba, majengo). Ukitoa mishahara, ukitoa marejesho ya mikopo, ukitoa hela zinazotoka serikali kuu zikiwa zimeshafungwa kwa kazi maalum ambazo jiji haliruhusiwi kuzigeuza, kinachobaki ambacho madiwani wanaweza kukigombania kweli ni kidogo kuliko mwananchi anavyodhani. Hicho kidogo ndicho kinachogawanywa kwa kila kata na kila diwani anataka kionekane. Sasa bomba la chini ya ardhi nani ataliona? Ukarabati haufunguliwi kwa utepe. Fungu la matengenezo ndilo linalokatwa mwanzo kila hali ikibana kwa sababu ukilikata mwaka huu hakuna kinachoanguka mwaka huu, kinaanguka miaka kadhaa mbele na aliyekata keshaondoka.

Na msidhani ni majiji maskini tu. New York yenyewe mwaka 1975 ilifika ukingoni mwa kufilisika, na moja ya sababu ni kwamba kwa miaka walikuwa wanakopa kulipia matumizi ya kawaida, mengine wakiyaingiza kwenye fungu la miradi ili vitabu vionekane vimekaa sawa, mpaka siku wakopeshaji walipogoma. Detroit ilifungua shauri la kufilisika Julai 2013 ikiwa na madeni na majukumu ya kama dola bilioni 18, jiji lililojengewa mabomba na barabara za watu wengi halafu watu wakaondoka, mabomba yakabaki na urefu uleule. Hapo ndipo ujue ardhi na hela ni kitu kimoja. Ukitandaza jiji nyumba mojamoja mbali mbali, kila mita ya bomba inalipiwa na watu wachache.

Kwa hiyo ndugu yangu, ghorofa 14 pale kona kwa hesabu tupu zinaweza kuwa ndiyo nafuu yenu, kodi ya majengo ya kiwanja kimoja itapita ya mtaa mzima wa sasa. Swali ni hiyo kodi inarudi kwenye bomba lenu au inamezwa kwenye mfuko mkuu, na bomba linakuja kabla watu hawajahamia au baada.

mpangaji_bado

Naheshimu mchango wa wakubwa hapo juu ila niseme upande ambao huwa hausemwi. Kila mara ghorofa likiombwa mahali wanajitokeza wenye nyumba wenye muda wa mchana kwenda kikaoni, wanasema mtaro, kesho wanasema maegesho, keshokutwa kivuli, na mwisho ghorofa halijengwi na mtaro pia haujengwi. Sisi tunaotafuta pa kupanga hatuko kwenye kile kikao kwa sababu bado hatuishi pale. Watafiti wa Boston University walipitia kumbukumbu za vikao vya mipango vya miji ya Massachusetts wakakuta wanaosimama kuongea ni wenye nyumba, wenye umri mkubwa na wakazi wa siku nyingi kuzidi uwiano wao kwenye jamii, na wengi wao wanapinga nyumba mpya. Kwa hiyo diwani anaposema "wananchi wamekataa" ni wananchi gani?

Auckland mwaka 2016 walipitisha mpango mmoja wa jiji zima, kama robo tatu ya ardhi ya makazi ikaruhusiwa kujengwa kwa msongamano zaidi, na vibali vya nyumba vikapanda sana miaka iliyofuata hasa kwenye maeneo yaliyofunguliwa. Hawakukaa kubishana kiwanja kwa kiwanja. Japani nako makundi ya matumizi ya ardhi yanatungwa na sheria ya taifa, ni 13 tu nchi nzima, manispaa inachagua lipi likae wapi lakini haitungi la kwake. Ukiwa ndani ya kanuni unajenga, humpigii mtu magoti.

Simaanishi mkazi_wa_kona una nia hiyo, umeandika vizuri. Nasema tu hoja ya mtaro ikisimama peke yake itachukuliwa na watu ambao hawataki mtu yeyote ahamie.

mkazi_wa_kona

Asanteni sana. mpangaji_bado nimekusoma na nakubali, hapa kwetu wapo wanaosema wazi hawataki wapangaji na mimi sitaki barua yetu iwe mkono wao. Ila na wewe nielewe, maji taka yakifumuka anayeathirika wa kwanza ni mpangaji wa chumba cha chini. hesabu_hazidanganyi umesema kodi inamezwa kwenye mfuko mkuu, kuna mahali wameweza kuifunga hiyo hela ibaki eneo husika? Na mzee wa ramani, kama mazungumzo yanafanyika kabla, mtu wa kawaida anayafikiaje?

Bi_Mkubwa_wa_Kata

Wanangu nimewasoma wote. Mwanangu mkazi, kuhusu kuifunga hela, São Paulo wanafanya tangu 2004. Jiji linachora eneo, linasema hapa kuna nyongeza ya mita za kujenga, na anayeitaka hainunui kwa ada ya mezani bali inauzwa kwa mnada kama hati, wanaziita CEPAC, na sheria inasema hela zile zitumike ndani ya eneo lilelile kwenye kazi zilizoorodheshwa. Maana yake thamani inayotokana na ruksa, ambayo kwingine inaingia mfukoni kwa mwenye kiwanja siku ya saini, sehemu yake inarudi kwa umma. Ina kasoro yake kubwa, hati zinanunuliwa pale ambapo soko linataka, kwa hiyo hela zinarundikana kwenye maeneo yenye nafuu tayari na pembezoni panabaki vilevile. Lakini kanuni ya kwamba ruksa ya kujenga ina thamani na isitolewe bure mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Na la wananchi kuamua hela, Porto Alegre nchini Brazil walianza mwaka 1989, mikutano ya mitaa inapanga vipaumbele, inachagua wajumbe, wajumbe wanakaa na jiji kugawa fungu la miradi kwa vigezo vinavyojulikana, eneo lenye upungufu mkubwa wa huduma linapata alama zaidi. Watu walichagua nini? Maji na maji taka na barabara za mitaani. Kaya zenye maji na maji taka zilitoka asilimia 75 mwaka 1988 zikafika 98 mwaka 1997. Wananchi wakikabidhiwa kweli wanachagua lile bomba lisiloonekana. Baadaye siasa zikabadilika, hela zikapungua, watu wakaona wanachopitisha hakitekelezwi wakaacha kwenda, na mwaka 2017 jiji likasimamisha. Paris nao walianza 2014 wakatenga asilimia 5 ya bajeti ya uwekezaji kwa miradi inayopigiwa kura na wakazi. Asilimia 5 ni mwanzo, ila mabomba yako kwenye ile 95.

hesabu_hazidanganyi

Shikamoo Bi Mkubwa, umemaliza.

mezani_kwa_ramani

mkazi, nijibu lako la kuyafikia mazungumzo ya kabla. Kuna nyaraka mbili ambazo karibu kila jiji linazo na karibu hakuna mkazi anayeziomba. Ya kwanza ni mpango kabambe wa jiji pamoja na ramani yake ya matumizi ya ardhi. Ukikuta ramani ilishasema kona yenu ni ya msongamano mkubwa basi ombi la sasa ni utekelezaji tu na kupinga ghorofa ni kupoteza nguvu, uamuzi ulifanyika siku mpango ulipopitishwa. Ukikuta ramani inasema msongamano mdogo, basi wanaomba kutoka nje ya mpango na hapo jiji linawajibika kutoa sababu kwa maandishi. Ya pili ni orodha ya miradi ya miaka mitatu au mitano ijayo, angalia kama bomba lenu limo, mwaka gani, na chanzo cha hela ni kipi. Mradi usiokuwa na chanzo cha hela pembeni yake chukulia haupo.

Ukishazipata zote mbili ndipo uandike barua, na usiandike "tunapinga". Andika kwamba mnaomba kibali kiambatane na sharti, jengo lisipewe ruksa ya kuanza kukaliwa mpaka bomba liwe limepanuliwa, na mseme nani alipie, mwendelezaji, jiji au wote kwa uwiano. Sharti likishaandikwa kwenye kibali linamfunga hata atakayenunua kiwanja baadaye. Ahadi ya mdomoni kikaoni haimfungi mtu, nimeshaona nyingi zikipotea. Barua moja ipelekwe kwa wapanga miji na nakala kwa mhandisi wa maji taka, ombeni huyo mhandisi aandike rasmi uwezo wa bomba la sasa. Mara nyingi anaujua na amekuwa akitamani aulizwe, kwa sababu akishaandika, kabrasha la ardhi na la hela lazima yasomwe pamoja.

mpangaji_bado

Hiyo ya sharti la kukaliwa nimeipenda, haizuii nyumba kujengwa. Mkiandika barua nitawapa wenzangu tunaopanga maeneo ya jirani waisaini, isiwe ya wenye nyumba tu.

mkazi_wa_kona

Itakuwa vizuri sana. Swali la mwisho, tangazo linasema pingamizi ndani ya siku 30 lakini halina tarehe lilipobandikwa, siku zinahesabiwa kuanzia lini?

mezani_kwa_ramani

Inategemea kanuni zenu, kwingine ni tangu siku ya kubandikwa, kwingine tangu lilipotoka gazetini. Piga picha tangazo kama lilivyo leo, lionyeshe kwamba halina tarehe, halafu peleka barua fupi kesho asubuhi ya kuweka pingamizi na kuuliza tarehe rasmi, maelezo kamili mtaleta baadaye. Hakikisha masijala wanakugongea muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako kabla hujatoka pale dirishani.